Miguu Mizito, Mapigo Juu: Kutafuta Kasoro Kati ya Siku ya Kupumzika na Mbio Nyepesi

Mkimbiaji anayejiandaa kwa kilomita 21 huku akienda kazini kila siku ana vitu viwili vya kumrudishia nguvu ndani ya wiki: siku ya kupumzika kabisa, na mbio nyepesi. Watu huvichanganya, lakini kazi zake ni tofauti. Siku ya kupumzika huipa mifupa na kano nafasi ya kujikarabati bila kugongwa tena na lami. Mbio nyepesi hupitisha damu kwenye misuli iliyokaza, huongeza kilomita za wiki na huujenga moyo kwa gharama ndogo. Ukitumia kimoja mahali pa kingine, mwili huanza kulalamika, na malalamiko yake yanasomeka ukijua pa kutazama.

Hapa tunazipitia dalili hizo kwa mtu anayekimbia siku 3 hadi 6 kwa wiki. Usisome dalili yoyote kabla ya kupita kipimo cha kwanza.

Kwanza: je, mbio zako nyepesi ni nyepesi kweli?

Lawama nyingi zinazopelekwa kwa mapumziko zilipaswa kuishia hapa. Kuna vipimo vitatu. Tumia angalau viwili kwa pamoja.

Cha kwanza ni mdomo. Asubuhi barabarani utakutana na watu. Ukiweza kusema "Shikamoo mama, habari za asubuhi, nyumbani hawajambo?" yote kwa pumzi moja, ukasikia jibu na kuongeza neno, mwendo wako ni mwepesi. Ukitoa "shikamoo" halafu ukahema kabla ya kumalizia, umezidisha. Kama uko peke yako, taja namba yako ya simu, tarakimu zote 10, moja moja, bila kuvuta pumzi katikati.

Cha pili ni saa. Chukua muda wako wa karibuni wa kilomita 10 ulizokimbia kwa nguvu zote, tafuta wastani wa kila kilomita, kisha ongeza sekunde 60 hadi 100. Aliyemaliza kwa dakika 60 alikwenda 6:00 kwa kilomita, kwa hiyo mbio zake nyepesi ziko kati ya 7:00 na 7:40. Aliyemaliza kwa dakika 50, zake ni kati ya 6:00 na 6:40. Ndiyo, ni polepole kiasi cha kuona haya mbele ya majirani. Vumilia.

Cha tatu ni mapigo ya moyo. Zidisha umri wako kwa 0.7, toa jibu kutoka 208, na utapata makadirio ya mapigo yako ya juu kabisa. Mwenye miaka 40 anapata 180. Mbio nyepesi zikae kati ya 65% na 75% ya hapo, yaani mapigo 117 hadi 135 kwa dakika. Makadirio haya yanaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo yakipingana na mdomo, amini mdomo.

Anayedhani mwendo huo ni wa wanyonge aangalie Iten na Kaptagat, kwenye miinuko ya Kenya. Makundi yanayotoka alfajiri kwa mbio nyepesi huanza kwa kujikokota, na kasi hupanda yenyewe kadiri miguu inavyopata moto. Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wakati huo, 2:01:09, mjini Berlin mwaka 2022 alikwenda wastani wa 2:52 kwa kilomita. Mbio zake nyepesi huanza zaidi ya dakika nzima polepole kuliko hapo kwa kila kilomita. Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norwei, alipochunguza wanamichezo wa ustahimilivu wa kiwango cha juu alikuta takriban 80% ya vipindi vyao ni vyepesi. Kwa mtu wa siku 4 kwa wiki, hesabu hiyo inatoa kipindi kimoja kigumu na vitatu vyepesi, basi.

Dalili: miguu ni mizito kila siku, na kasi haisogei

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Huna maumivu mahali maalumu, unalala, unakula, lakini kila ukivaa viatu miguu inakuwa kama imefungwa mawe. Kilomita 10 zako ni zilezile za miezi mitatu iliyopita.

Chanzo kikubwa ni kukimbia kila siku katika mwendo wa katikati: si wa taratibu kiasi cha kurudisha nguvu, si wa kasi kiasi cha kujenga kasi. Mtu wa kilomita 10 kwa dakika 60 anayekimbia 6:25 Jumatatu, 6:20 Jumatano na 6:30 Ijumaa yuko humo. Kila kipindi kinakula wanga uliohifadhiwa kwenye misuli, na ikiwa chakula hakitoshi hauwahi kujaa tena kabla ya kipindi kinachofuata. Halafu siku ya mazoezi ya kasi ikifika, hana cha kutoa.

Jaribio la kutenganisha vyanzo ni hili. Acha kukimbia kabisa kwa saa 48, kisha kimbia dakika 30 kwa mwendo mwepesi uliopimwa kama juu.

Miguu ikiwa imefunguka, ulikosa wepesi, si siku za kupumzika. Endelea na idadi ileile ya siku kwa wiki mbili, zote nyepesi, bila hata kipindi kimoja cha kasi. Wiki ya tatu rudisha kipindi kimoja tu.

Ikiwa mizito mwanzoni lakini ikafunguka baada ya dakika 10 hadi 15, hiyo ni kukaza kwa kawaida. Endelea na ratiba, ila ongeza dakika 5 za kutembea haraka kabla ya kuanza.

Ikiwa mizito mwanzoni na mizito zaidi baada ya dakika 15, geuka, tembea hadi nyumbani. Hapo uchovu umekwenda chini zaidi ya misuli, na unahitaji siku 3 hadi 5 bila kukimbia. Kisha soma sehemu ya mapigo ya asubuhi hapa chini kabla ya kurudi.

Kuna chanzo kingine ambacho watu wa kikundi wanakijua vizuri hata kama hawakisemi. Kikundi cha jogingi kinaondoka taratibu, kinaimba, na kufika kilomita ya nne mtu mmoja mwenye miguu anachomoka, wanamfuata watano, na zoezi limegeuka mashindano. Usijitenge na kikundi. Kina faida kubwa ya kukutoa kitandani. Kaa nyuma na yule anayekuja kwa ajili ya afya, au hesabu siku ya kikundi kuwa ndiyo siku yako ngumu ya wiki na upange nyingine zote kwa kuizunguka.

Dalili: siku inayofuata mapumziko, miguu ni migumu kama mti

Dalili hii inawatisha watu waamini kwamba kupumzika kunawaharibu, wakaacha kupumzika. Wanakosea chanzo.

Ukikimbia kilomita 16 Jumapili, maumivu ya misuli hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Jumatatu ukapumzika, Jumanne ukaamka unashuka ngazi kwa kushika ukuta. Jumanne hiyo ni matokeo ya Jumapili. Mapumziko hayakuleta kitu, yamekutwa tu njiani.

Lakini namna ya kupumzika nayo ina mchango. Aliyekaa kwenye kiti cha ofisi kutwa, akapanda daladala, akaketi tena mbele ya runinga hadi usiku, ataamka amekaza kuliko aliyetembea. Siku ya kupumzika tembea dakika 20 hadi 30, mwendo wa kwenda dukani. Hayo si mazoezi, usiyarekodi.

Kosa linaloumiza kweli ni kuweka mazoezi ya kasi asubuhi inayofuata mapumziko kwa hoja kwamba "nimepumzika, niko fiti". Wengi hawako tayari siku hiyo. Weka mbio nyepesi za dakika 30 katikati, na mwishoni ongeza vipande 4 vya sekunde 20 vya kasi ya starehe, ukitembea dakika moja kati ya kipande na kipande. Kasi ngumu iwe kesho yake. Kwa hiyo mpangilio ukiwa Jumapili mbio ndefu, Jumatatu kupumzika, Jumanne nyepesi, basi zoezi la kasi linakaa vizuri Jumatano.

Dalili: napumzika siku mbili kwa wiki na bado nimechoka

Andika ulichofanya katika hizo siku mbili. Kila kitu.

Muuza duka anayesimama saa 10, mwalimu, muuguzi wa zamu ya usiku, mlinzi, mama anayechota maji na kubeba mtoto, kijana anayecheza mechi ya mtaani Jumamosi jioni: hawa hawakupumzika, walibadilisha kazi. Mechi ya dakika 90 ina kukata kona na kusimama ghafla, na shavu la mguu huichukulia kama zoezi la kasi. Mwili haujui kwamba haikuwa kwenye ratiba.

Dawa ni kukusanya magumu pamoja ili mepesi yabaki mepesi. Siku ya mechi iwe ndiyo siku ya kasi, na zoezi jingine la kasi lifutwe wiki hiyo. Siku ya kufua, kuhama au kulima isihesabiwe kuwa mapumziko. Ihesabiwe kuwa kipindi cha mazoezi, na mapumziko yasogezwe kesho yake. Wa zamu ya usiku asikimbie akitoka tu kazini asubuhi. Alale kwanza, akimbie jioni dakika 30 nyepesi, na siku ya kubadili zamu aipe mapumziko kabisa.

Usingizi chini ya saa 6 kwa siku tatu mfululizo unabadilisha zoezi lolote la kasi kuwa mbio nyepesi. Hii tunaishikilia bila kujadiliana, hata wiki ya mwisho kabla ya mashindano.

Dalili: mapigo ya asubuhi yamepanda

Pima mapigo ukiwa bado umelala, kabla ya kushika simu, kwa dakika nzima. Weka vidole viwili pembeni mwa koo au kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba. Fanya hivyo asubuhi 7 katika wiki ya kawaida, tafuta wastani, uandike ukutani. Tuseme ni 56.

Yakipanda hadi 61, mapigo 5 juu, na hujisikii vibaya, kimbia lakini iwe nyepesi tu. Yakipanda mapigo 8 hadi 10 asubuhi mbili mfululizo, pumzika kabisa hadi yashuke. Asubuhi moja pekee isikushtue: chakula kizito cha usiku, pombe, joto la chumba au ugomvi wa jana vinatosha kuyapandisha.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana linaua watu wenye bidii. Katika maeneo yetu, uchovu, kuumwa viungo, kichwa kizito na mapigo ya juu vinaweza kuwa malaria. Usiamue mwenyewe kwamba ni mazoezi kuzidi. Ukihisi homa au baridi, hata kidogo, nenda ukapime siku hiyohiyo. Mtu mwenye homa hakimbii, hata nyepesi, hata "nitoe jasho kidogo". Ikithibitika malaria, maliza dozi yote, subiri siku kadhaa bila homa, kisha anza kwa kutembea.

Mapigo yakiwa juu kwa wiki kadhaa bila homa, na unahema kwenye mlima uliokuwa ukiupanda bila shida, omba kupimwa wingi wa damu na, kama hospitali inaweza, akiba ya madini ya chuma mwilini. Wanawake wanaopata hedhi na wasiokula nyama wako kwenye hatari zaidi. Chai na kahawa pamoja na mlo huzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Kunywa chai saa moja au zaidi baada ya kula. Mchicha na maharage viende na chungwa au limau. Vidonge vya chuma visianzwe kabla ya kipimo.

Dalili: nakwenda polepole kabisa lakini saa inaonyesha mapigo 165

Kabla ya kujilaumu, lilaumu joto, na ulaumu mkanda wa saa.

Saa nyingi za mkononi husoma damu kwa mwanga, na mkanda ukilegea zinaweza kushika mdundo wa hatua badala ya mapigo. Hatua za mkimbiaji huwa 160 hadi 180 kwa dakika, kwa hiyo ukiona namba imekwama 165 tangu dakika ya kwanza, shuku. Kaza mkanda, usogeze upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo. Kisha simama, hesabu kwa vidole sekunde 15, zidisha kwa 4. Hesabu yako ndiyo sahihi.

Ikiwa mapigo ni ya kweli, angalia hewa. Dar es Salaam, Mombasa au Tanga mwezi wa Februari, jasho halikauki kwa sababu hewa imejaa unyevu, na moyo unalazimika kusukuma damu kwenye ngozi ili kupoza mwili, juu ya ile ya miguuni. Kasi ileile inagharimu mapigo 10 hadi 15 zaidi. Kimbia kabla ya jua, saa 11 na nusu alfajiri, na ufuate mapigo au mdomo, uiache kasi ijishukie yenyewe. Ukisafiri kutoka pwani kwenda Arusha, mita 1,400 hivi, au Nairobi, karibu 1,800, tarajia vivyo hivyo kwa wiki moja hadi mbili. Siku 3 za kwanza ziwe nyepesi au za kupumzika.

Jipime uzito kabla na baada ya mbio. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Ukipungua zaidi ya 2% ya uzito wako, yaani kilo 1.2 kwa mtu wa kilo 60, mbio za kesho hazitakuwa nyepesi hata ukizikimbia vipi, isipokuwa umeyarudisha maji hayo pamoja na chumvi ya chakula.

Dalili: ugoko unauma

Kaa chini, nyoosha mguu, bonyeza kwa dole gumba ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko kutoka kwenye kifundo kupanda juu, sentimita moja moja. Usiharakishe.

Ukikuta maumivu yametandaa sentimita 5 au zaidi, ya kuchoma, yanayopungua ukishapata joto, huo ni mvutano wa misuli na utando wa mfupa. Punguza kilomita za wiki kwa nusu, ondoa kasi na miteremko, hama lami uende kwenye udongo au nyasi, na usikimbie siku mbili mfululizo kwa wiki mbili. Maumivu yasizidi 3 kati ya 10 wakati wa kukimbia, na asubuhi inayofuata yasiwe mabaya kuliko jana. Yakizidi, siku hiyo ilipaswa kuwa ya kupumzika.

Ukikuta sehemu moja ndogo kama ncha ya kidole inayokufanya uruke ukiibonyeza, inayouma hata ukitembea au ukiwa umelala usiku, acha kukimbia leo. Inaweza kuwa ufa wa mfupa. Usijaribu kurukaruka kwa mguu mmoja ili "kuhakikisha". Nenda hospitali, na ujue kwamba picha ya eksirei inaweza kuonekana safi katika wiki 2 hadi 3 za kwanza ilhali ufa upo; mwambie daktari ni lini maumivu yalianza na unakimbia kilomita ngapi. Kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8 bila kukimbia. Aliyepuuza hulipa miezi.

Kwa nini hutokea? Moyo na mapafu hupata nguvu kwa wiki chache. Mfupa na kano huhitaji miezi. Mtu wa wiki ya sita anasikia pumzi iko vizuri, anaongeza siku ya tano, anakata mapumziko, na mfupa uliokuwa katikati ya ukarabati unagongwa tena. Hapa mbio nyepesi hazisaidii kitu. Hata ukienda 8:00 kwa kilomita, kila hatua inatua na uzito unaozidi uzito wa mwili wako. Mfupa unataka siku isiyo na kugongwa.

Angalia viatu pia. Sponji ya kiatu cha kukimbilia huchoka kati ya kilomita 500 na 800, na kiatu cha mtumba kinakuja na kilomita za mtu mwingine. Kibonyeze soli ya kati kwa dole gumba: ikiwa ngumu na imejaa mikunjo ya pembeni, ni ya kutembelea tu. Ongeza zoezi la kunyanyuka kwa vidole vya miguu, mara 15 kwa seti 3 magoti yakiwa yamenyooka, na seti 3 nyingine yakiwa yamekunjwa kidogo, siku tatu kwa wiki.

Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu? Inauzwa kila duka la dawa, na wakimbiaji wengi humeza kabla ya mbio ndefu. Tunaomba usifanye hivyo. Inaficha ishara uliyohitaji kuisikia, na ikikutana na mwili uliopungukiwa maji inaumiza figo. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia iliyokoza baada ya mbio ngumu, hilo ni la hospitali mara moja, sawa na maumivu ya kifua au kuzimia.

Dalili: hamu ya kukimbia imekufa, mafua hayaishi, hedhi imekatika

Mara nyingi hapa kilichopungua ni chakula, na hakuna siku ya kupumzika inayoweza kuziba pengo hilo. Mkimbiaji wa karibu saa moja kwa siku anahitaji gramu 5 hadi 7 za wanga kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 60, kiwango cha chini ni gramu 300. Unga wa sembe una kama gramu 75 za wanga katika kila gramu 100, kwa hiyo kama ungekula ugali peke yake ungehitaji gramu 400 za unga mkavu kwa siku. Anayekunywa chai na andazi moja asubuhi, akaruka mchana, akala usiku, hafiki.

Siku ya kupumzika usikate chakula. Ndiyo siku misuli inajaza akiba yake.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu kwa mwanamke asiye mjamzito, ni dalili ya hatari kwa mifupa, na haina uhusiano wowote na "kuwa fiti". Ongeza chakula, punguza mbio, umwone daktari. Makocha wa kiume, tafadhali liulizeni hili kwa heshima badala ya kulikwepa.

Dalili: nilikosa siku mbili, nikafidia, nikaanguka

Siku iliyokosekana haidaiwi. Uliyekosa Jumanne na Alhamisi usizibane Ijumaa na Jumamosi kabla ya mbio ndefu ya Jumapili. Fanya zoezi linalofuata kama lilivyoandikwa. Siku tatu nne bila kukimbia hazipunguzi uwezo unaoonekana.

Mpangilio wa kuanzia

Siku 3 kwa wiki: Jumanne nyepesi dakika 30 hadi 40, Alhamisi nyepesi yenye vipande vya kasi, Jumapili ndefu. Nyingine ni kupumzika au kutembea. Anayeanza abaki hapa wiki 8 hata akijisikia simba.

Siku 4 au 5: ongeza mbio nyepesi kwanza, kasi baadaye. Jumatatu na Ijumaa ni kupumzika. Ijumaa kwa sababu miguu inahitaji kufika Jumapili ikiwa hai.

Siku 6: Jumatatu ni ya kupumzika na haiguswi. Zoezi la kasi ni moja au mawili, lakini yasikaribiane kwa chini ya saa 48. Siku tatu au nne zilizobaki, ukiondoa ndefu, zipite kipimo cha shikamoo.

Kila wiki ya nne, shusha kilomita kwa robo hadi theluthi. Aliyekuwa kwenye kilomita 40 aende 27 hadi 30.

Anayefunga Ramadhani abadili mpangilio mzima: mbio nyepesi dakika 30 hadi 40 kabla tu ya kufuturu, ili maji yafuate mara moja, au baada ya tarawehe kama kuna kasi ya kufanya. Siku za kupumzika ziwe angalau tatu kwa wiki, na mbio ndefu isizidi dakika 75.

Kurudi baada ya mapumziko marefu

Ukikaa hadi wiki moja, rudi kwenye ratiba lakini zoezi la kwanza na la pili yawe mepesi. Wiki mbili: anza na 70% ya kilomita zako, bila kasi siku 7. Wiki tatu au zaidi: 50%, siku moja ndiyo siku moja hapana, kwa wiki mbili. Mwanzoni pumzi itakuwa nzito kuliko miguu. Baada ya siku kumi hivi pumzi inarudi na utatamani kuongeza. Subiri wiki moja zaidi kabla ya kuongeza siku ya mbio. Kwanza refusha mbio nyepesi ulizonazo kwa dakika 5, upime ugoko kwa dole gumba asubuhi inayofuata, na kama uko kimya, ndipo uongeze.